Kosa Moja, Tumbo Moja

Ting!

Mmeisikia?

— Tumeisikia!

Nani yuko macho?

— Sisi hapa!

Masikio?

— Yamesimama!

Midomo?

— Imefungwa!

Itafunguliwa lini?

— Utakapotuuliza!

Vizuri. Basi kaeni kitako. Na wewe pale mwenye muhogo mdomoni, tafuna polepole, maana ngano hii ina mwiko wake. Kuna jina moja hatulitaji. Hamlitaji ninyi, silitaji mimi, mpaka upinde uvuliwe kamba. Mkilijua, limezeni. Likiwakaba, kunyweni maji.

Ting! Ilikuwa sauti moja tu, usiku mmoja tu, katika nchi ya miiba, wakati wa ukame. Ting! Kisha kimya.

Chini ya kichaka, mnyama mmoja mdogo aliinua kichwa. Alikuwa wa jamii ya swala, lakini swala aliyesahau kukua. Kimo chake ni cha sungura aliyesimama. Miguu yake ni njiti za kiberiti. Macho yake ni makubwa kuliko uso wake, na pua yake ni ndefu, laini, inachezacheza huku na huku kama inayotafuta kitu ilichokiangusha. Kwa sababu ya pua hiyo, na kwa sababu ya ule mwiko, sisi tutamwita Bi Pua.

"Umesikia?" Bi Pua alimnong'oneza mumewe.

Mumewe aliitwa Bwana Vidonge, na jina hilo alilipata kwa kazi yake. Kila jioni alikwenda mpakani mwa eneo lao, akageuka, akachuchumaa, akaongeza vidonge vyake juu ya lundo lile lile alilorithi kwa baba yake. Kisha alilitazama lile lundo kwa fahari na kusema, "Hapa ndipo kwetu." Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

"Nimesikia," alisema Bwana Vidonge. "Ni kamba ya upinde. Mke wangu, tumekwisha."

Kulipokucha, Kanga walileta habari. Mnawajua Kanga: habari ikiwaingia sikioni, inatokea mdomoni kabla hawajaielewa.

"Keke-keke-keke! Fisi kapata upinde! Kapata upinde na mishale kumi! Keke-keke!"

Ilikuwa kweli. Fisi alichoka kuitwa mla mabaki. Kila alipopita, watu walimnyooshea kidole: yule pale, anangoja wenzake washibe. Basi akaenda shimoni kwa Bibi Nungunungu, fundi wa pinde, ambaye mishale yake aliing'oa mgongoni mwake mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mifupa sina."

"Sikuja kwa mifupa, bibi. Nataka upinde. Nataka nile nyama niliyoiangusha mimi, ikiwa ya moto, na watu wakiona."

Bibi Nungunungu akamtazama kutoka masikioni hadi mkiani. Akampa upinde, akampa podo lenye mishale kumi, kisha akamwambia mwiko, ule ule ambao wawindaji wote wa nchi ile waliushika na wawindwa wote waliujua.

"Tangu siku unautia kamba mpaka siku nyama iko chunguni, jina la unayemwinda lisitoke kinywani mwako. Sema 'yule'. Sema 'mwenye mkia'. Sema utakavyo, jina lisitoke. Likitoka, upinde unarudi kwangu siku hiyo hiyo, huushiki tena, na wewe utanichimbia nyumba mpya ya vyumba vitatu."

"Na nikikataa kuchimba, bibi?"

Bibi Nungunungu akageuka, akatikisa mgongo. Chakacha-chakacha-chakacha!

"Mishale kumi nimekupa. Mingine ndiyo hii."

"Nimekubali, bibi."

Fisi akautia upinde kamba usiku huo huo, akaujaribu mara moja: ting! Kisha akafikiri atakayemwinda amwite nani. Hakufikiri sana. Akamwita Kitoweo.

Na Kitoweo angepatikana wapi? Katika ukame ule, mti mmoja tu ulikuwa na kitu cha kuliwa. Ulikuwa mkunazi, na chini yake kunazi zilidondoka moja moja, nyekundu, tamu, zimekunjamana kama bibi anayecheka. Bi Pua na mumewe hawakuwa na chakula kingine mpaka mvua. Fisi alilijua hilo. Akabandika chungu cha maji motoni, akatia chumvi, akaenda kujibanza nyuma ya kichuguu, hatua kumi kutoka mkunazi.

"Usiende," alisema Bwana Vidonge.

"Nisipokwenda tutakula nini?"

Bwana Vidonge akatazama lundo lake, akaona huko hakuna jibu. Bi Pua akaenda.

Akaenda hatua moja, akasimama. Hatua moja, akasimama. Pua ikacheza kushoto, ikacheza kulia. Mara, puu! Harufu ikampiga kama kibao. Ilikuwa harufu ya mfupa wa wiki mbili, na juu yake marashi ya waridi.

"Umekosea, Bwana Fisi!" akaita kutoka mbali.

Fisi akazidi kujikunyata.

"Nasema umekosea, wewe uliye nyuma ya kichuguu!"

"Nyuma ya kichuguu hakuna mtu," kikajibu kichuguu.

"Basi huyo asiyekuwepo amekosea."

Kisha masikio mawili yakachomoza, na kati ya masikio uso wa Fisi, una uchungu wa mtu aliyejiandaa.

"Nimekosea wapi?"

Hapo Bi Pua angeweza kukimbia. Lakini tumbo lilikuwa linanguruma, na kunazi zilikuwa pale pale, chini ya pua ya mshale. Akasema:

"Bure sikuambii, Bwana Fisi. Tumbo langu ni tupu, na mimi tumbo likiwa tupu sikumbuki kitu. Tufanye hivi. Kosa moja, tumbo moja. Kila siku utapiga mshale wako mmoja. Ukinikosa, unaniacha nile kunazi mpaka nishibe, nami nakuambia kosa lako. Kesho unakuja bila kosa hilo."

Fisi akakuna shingo. "Makosa yangu ni mangapi?"

"Hayazidi kucha za mguu wako mmoja."

Fisi akautazama mguu wake. Moja, mbili, tatu, nne. Uso ukamkunjuka.

"Manne tu? Basi siku ya tano nakula nyama!"

"Siku ya tano unakula nyama," alisema Bi Pua.

Fisi akapiga mshale wake wa siku ile hewani, ili kutimiza mapatano, nao ukachoma kichuguu. Bi Pua akala mpaka akashiba, akabeba nyingine mashavuni kwa ajili ya mumewe, kisha akasema:

"Kosa la kwanza ni upepo. Umekaa upande unakotoka upepo, nao unaniletea harufu yako nyumbani kwangu. Na hayo marashi?"

"Niliyaokota harusini. Nilidhani yatanisitiri."

"Yamekusitiri kama jeneza lenye maua. Kaa upande ambao upepo unatoka kwangu kuja kwako. Beba majivu, yadondoshe kidogo, utaona yanakokwenda." Kisha akaondoka akiruka, huku akiimba:

*Kosa moja, tumbo moja,*
*nimeshiba, naondoka,*
*mkunazi unangoja,*
*chungu chako kinachoka!*

Na kweli, chungu kilikuwa motoni, toko-toko-toko, maji na chumvi, chumvi na maji.

Nyumbani, Bwana Vidonge aliposikia mapatano, kunazi ilimkwama kooni.

"Manne! Mke wangu, manne! Si ungesema mia?"

"Ningesema mia angekata tamaa, akatupa upinde, akanirukia kwa meno. Siku nne ni nyingi. Huenda mvua ikanyesha, tukapata majani kila mahali."

Wakatazama mbingu pamoja. Zilikuwa safi kama sahani ya Fisi.

Siku ya pili Fisi akaja na majivu. Aliambiwa kidogo, akaja na kapu zima. Alimwaga, akatazama, akahama. Alimwaga tena, akahama tena, mpaka akawa mweupe kuanzia kichwani hadi mkiani. Lakini upepo ulikuwa sawa. Bi Pua alinusa kushoto, hamna kitu. Alinusa kulia, hamna kitu. Moyo ukamwenda mbio kuliko miguu. Akasogea mkunazini. Akainama.

Kwacha. Kwacha. Kwacha-kwacha.

Akaruka! Mshale ukapita pale alipokuwa, fyuu, ukajichimbia mchangani.

"Umekosea, Bwana Fisi!"

"Nimekosea wapi tena?"

Bi Pua akala kwanza. Alikula akiwa ameshiba woga, lakini alikula. Kisha akasema: "Kosa la pili ni miguu. Umevaa katambuga, tena pea mbili."

"Nina miguu minne."

"Na majani makavu unayakanyaga yote, hata yaliyokuwa hayako njiani kwako. Vua viatu. Fagia mahali utakaposimama. Weka vidole kwanza, kisigino baadaye."

*Kosa moja, tumbo moja,*
*nimeshiba, naondoka,*
*mkunazi unangoja,*
*chungu chako kinachoka!*

Siku ya tatu Fisi alikuja peku, na alikuwa amefagia uwanja mzima wa mkunazi, amenyunyiza na maji kama anangoja wageni. Bi Pua hakunusa kitu. Hakusikia kitu. Alikuwa anatafuna kunazi ya pili mshale ulipomlia juu ya sikio, fyuu! Ukapiga shina la mkunazi, tap!

Sikio lile lilikuwa la moto mpaka jioni.

"Ume... umekosea, Bwana Fisi."

"Wapi? Wapi? Nilikuwa nimekuona mzima!"

"Hilo ndilo kosa lenyewe. Ulitazama nini?"

Fisi akafumba macho, akakumbuka kwa mapenzi. "Nilitazama paja. Halafu nikatazama ini. Halafu mbavu, jinsi zitakavyokaa kwenye mchuzi. Halafu lile paja la upande wa pili."

"Mshale mmoja umeutuma mahali pane, nao haukujua uende wapi. Kosa la tatu, umemtazama mnyama mzima. Chagua unywele mmoja. Mmoja tu, hapa nyuma ya bega. Usahau paja."

"Nisahau paja?" Sauti ilimtoka Fisi kama ya mtu aliyeambiwa aache nyumba yake.

"Usahau mpaka liingie chunguni."

Jioni hiyo Bwana Vidonge aliona kovu la upepo kwenye sikio la mkewe, akakaa chini palepale.

"Lakini kwa nini unamwambia kweli? Mwambie uongo! Mwambie asimame kwa mkono mmoja!"

"Nilifikiria. Lakini Kanga wanatazama kila kitu, na Bibi Nungunungu anajua kila kosa la upinde. Nikimdanganya, jioni wanamwambia, na kesho yake hakuna mapatano, kuna meno."

Wakatazama mbingu. Kulikuwa na wingu moja. Lilikuwa vumbi la Fisi akifagia.

Siku ya nne ndiyo iliyokuwa mbaya. Upepo sawa. Miguu sawa. Unywele mmoja nyuma ya bega, Fisi aliutazama mpaka akaujua kwa sura. Alivuta upinde taratibu, akaachia.

Pwete.

Mshale ukadondoka mbele ya miguu yake, ukalala.

"Nimekosea wapi!" alilia Fisi, na safari hii machozi yalitoka kweli.

Bi Pua alikuwa amekauka kama mti. Ilimchukua muda kukumbuka namna ya kutafuna. Alipomaliza akasema kwa sauti ndogo: "Kosa la nne ni mate. Kamba ya upinde wako ni mshipa wa mnyama. Ikilowa, inalegea. Wewe tangu asubuhi unaitazama nyama na mate yanachuruzika juu ya kamba, tiri-tiri-tiri, kama bomba bovu. Ianike ikauke, kisha funga kitu shingoni."

Siku hiyo hakuimba. Ni Fisi aliyeimba. Aliimba akielekea kwenye chungu chake, akirukaruka kwa miguu mitupu, na chungu kikamwitikia, toko-toko-toko!

Na sasa sikilizeni jambo. Kusahihishwa ni kama upele, anayepata hutaka kuwaambukiza wengine. Siku nne Fisi alisahihishwa, na ya nne ilipofika akawa hawezi kuona kosa akalipita. Aliwakuta Kanga njiani, akawaambia, "Mnavyotembea mnakosea, kichwa kinatangulia mwili." Alimkuta Kobe, akamwambia, "Unakosea, huo si mwendo." Alipita kwa Bibi Nungunungu, akamkuta anapika uji.

"Bibi, unakosea. Unakorogea kulia. Koroga kushoto."

"Mjukuu wangu," alisema Bibi Nungunungu, "nakoroga uji huu tangu mama yako hajaota meno."

"Basi umekosea siku nyingi, bibi."

Bi Pua alikuwa kichakani karibu, akayasikia yote. Aliyasikia tu, akapita. Alikuwa na mengine ya kufikiri.

Usiku ule hawakulala, yeye na mumewe. "Tuhame," alisema Bi Pua. "Hatufiki," alisema Bwana Vidonge. "Mpaka mtoni ni siku tatu, na hakuna jani." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na lundo nani ataliangalia?" Bi Pua hakumcheka. Alimlamba kipaji cha uso, na alfajiri akaondoka.

Siku ya tano hapakuwa na harufu. Hapakuwa na sauti. Kunazi zilikuwa zimedondoka nyingi kuliko siku zote. Bi Pua akainama. Akala moja. Akala ya pili. Ndipo akasikia kitu ambacho hajawahi kukisikia tangu azaliwe.

Kanga walinyamaza.

Akainua macho. Hatua kumi mbele yake alisimama Fisi, wazi kabisa, peku. Majivu kidogo yalikuwa yanashuka kuelekea kwake Fisi, na si kwa Bi Pua. Kipande cha gunia kilikuwa shingoni kama cha mtoto anayelishwa, kimelowa chepechepe, lakini kamba ilikuwa kavu. Upinde ulikuwa umevutwa mpaka shavuni. Jicho moja limefumba. Jicho la pili limekazia unywele mmoja nyuma ya bega.

Angeachia hapo hapo, ngano ingekwisha vibaya, na sisi tungekwenda kulala na huzuni. Lakini Fisi alishazoea. Hakuna mwanafunzi anayemaliza mtihani asitake kuona alama zake.

"Leo," alinong'ona, bila kutikisa hata sharubu, "leo nimekosea wapi?"

Bi Pua akatafuta. Alitafuta kwa macho yote mawili, yale makubwa. Upepo: sawa. Miguu: sawa. Unywele: ule ule. Kamba: kavu.

"Hamna," alisema. "Leo hamna kosa."

Meno ya Fisi yakaonekana yote, mpaka yale ya nyuma. Vidole vikaanza kulegea.

Ndipo Bi Pua akakumbuka uji. Makosa ya Fisi yalikuwa yamekwisha. Basi ilibidi mtu mwingine akosee.

"Hongera, Bwana Fisi," alisema haraka. "Tangu nizaliwe, mimi panya, sijaona panya akiwindwa kwa ustadi kama huu."

Vidole vikakaza tena.

"Panya?"

"Panya buku. Huioni hii pua?"

"Wewe si panya."

"Mimi ni panya, Bwana Fisi. Baba yangu panya, mama yangu panya, shangazi yangu alikufa kwenye ghala."

Juu ya mti Kanga wakapata pumzi. "Keke-keke-keke! Panya! Fisi kafagia uwanja! Kajipaka majivu! Kafunga gunia! Kumbe panya! Keke-keke!"

"Siyo panya!" alisema Fisi kwa meno yaliyobanwa. Mikono ilikuwa inaanza kumtetemeka, maana upinde uliovutwa ni mzito, na yeye alikuwa ameuvuta muda mrefu. Kwiii, ulilia upinde.

"Kama si panya, ni nani?"

"Ni... ni Kitoweo!"

"Hata panya ni kitoweo."

"Panya ana mkia mrefu! Wako uko wapi?"

"Ulibanwa na mlango."

"Panya hana kwato!"

"Hizi ni kucha, Bwana Fisi. Nimezifuga."

"Unakosea!" Jasho lilikuwa linamtiririka Fisi machoni. "Unakosea kabisa! Mumeo ana pembe! Panya gani ana pembe?"

Hapo kichaka kikatikisika. Akatoka Bwana Vidonge, ambaye siku tano hakuwa ametoka ila kwa ile kazi yake. Miguu yake minne ilitetemeka kila mmoja kwa wakati wake. Alitazama mshale. Alimtazama mkewe. Akavuta pumzi, akanyoosha shingo, na kwa sauti nyembamba, ya heshima, akasema:

"Chwii. Chwii-chwii."

Kanga wakaanguka kutoka mtini kwa kicheko.

"MNAKOSEA!" alinguruma Fisi. "Mnakosea! Wote mnakosea! Panya halii hivyo! Huyo siyo panya, na mkewe siyo panya, hao ni..."

Akalitaja.

Akalitaja jina zima, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti iliyokwenda mlimani, ikarudi, ikalitaja tena. Mimi silitaji. Kamba bado iko kwenye upinde. Midomo?

— Imefungwa!

Ahsanteni.

Na katika kupiga kelele, vidole vya Fisi vilifunguka vyenyewe. Mshale ukaenda juu, fyuuuu, ukapiga tawi la juu kabisa la mkunazi, ambako kunazi bora zilikuwa hazijadondoka tangu kiangazi kianze. Pu. Pu-pu. Pu-pu-pu-pu-pu! Zikawamiminikia Bi Pua na mumewe mpaka magotini. Kwao, hilo si jambo kubwa, magoti yao yako chini. Lakini zilikuwa nyingi.

Chakacha-chakacha-chakacha.

"Nimesikia," alisema Bibi Nungunungu, akitokea nyuma ya kichuguu.

"Bibi!" Fisi alikuwa bado anahema. "Bibi, lakini nilikuwa sahihi! Ni kweli siyo panya!"

"Ulikuwa sahihi kabisa, mjukuu wangu. Lete upinde."

"Mtazame mwenyewe, bibi! Tazama kwato!"

"Naziona. Kwato nzuri. Lete upinde, na chungu chako kachukue, tutakuwa tunakupikia uji wa mchimbaji."

Fisi akautazama upinde, akautazama mgongo wa Bibi Nungunungu, akautoa upinde. Akaenda kuchimba. Alichimba chumba cha kwanza, akachimba cha pili, akachimba cha tatu, na mvua ilipofika ilimkuta anasawazisha sakafu. Kila mchana Kanga waliopita juu ya shimo walisikia kucha zikichimba, kwacha-kwacha, na sauti ikisema peke yake chini ya ardhi: "Siyo panya. Siyo panya hata kidogo."

Bi Pua na Bwana Vidonge walikula kunazi mpaka majani yakaota. Na jioni ile ya kwanza, Bwana Vidonge alipokwenda mpakani, aligeuka, akachuchumaa, akatazama nyuma begani, akasema, "Hapa ndipo kwetu." Kisha, akiwa hajui kama kuna anayemsikia, akaongeza taratibu: "Chwii."

Sasa mafunzo ya ngano hii, maana mama zenu wataniuliza.

Funzo la kwanza: ukitaka kujua kuwinda, mwombe unayemwinda akufundishe. Fisi alifanya hivyo, na leo hakuna mchimbaji wa kumfikia.

Funzo la pili: rekebisheni makosa yenu yote, yasibaki hata moja, mkaishie shimoni mkiwa sahihi.

Funzo la tatu: nikisema neno nikakosea, na wewe mwenye muhogo ukajua nimekosea, ninyooshee kidole mbele ya watu wote. Ndivyo mtu anavyopata vyumba vitatu.

Sasa sikilizeni. Bibi Nungunungu ameketi mlangoni pa nyumba yake mpya. Ameuweka upinde magotini. Ameshika kamba kwa vidole viwili, na anaivua.

Tung.

Nani bado yuko macho?

— Sisi hapa!

Masikio?

— Yamechoka!

Upinde?

— Umelegea!

Midomo?

— Inawasha!

Basi fungueni. Pua ndefu, miguu njiti, panya asiyekuwa panya. Ni nani?

— DIGIDIGI!